Chetezo Katika Chumba cha Seva

Alhamisi, 9 Aprili

Printa ya dirisha la dawa imekula karatasi tena. Nimeichomoa kwa kibano cha nyusi. Daktari mpya amesahau neno lake la siri, na kila akisahau ananitazama kama mimi ndiye niliyemwibia. Chumba cha seva kinavuja pembeni, ndoo imejaa. Masika ya mwaka huu yameingia kwa hasira.

Saa nne chai na Bi Mwanahamisi wa usafi. Alileta mihogo ya nazi. Akanitania kwamba nimenenepa tangu Idd, Hatibu atanunua kitanda kingine. Mtu mwingine akinitania hivyo nanuna siku nzima. Yeye ana haki. Ndiye aliyenifunda nilipoolewa, mama akiwa ameshatangulia. Somo yangu. Niliyomwambia mle ndani siku za kufundwa sijayatoa kwa mtu mwingine, hata Hatibu mwenyewe. Alipofiwa na mumewe, kazi hii nilimsemea mimi.

Jioni kafukiza ubani ofisi zote, kama kila Alhamisi. Hospitali ni ya misheni lakini wameshazoea. Muuguzi mkuu, Mlutheri wa Lushoto, ndiye wa kwanza kuulizia asipousikia. Siku hizi somo ana chetezo cha umeme, zawadi ya mkwewe, anakibeba kama mtoto. Nimemwacha chumba cha seva anakizungusha juu ya mashine, nikaondoka niiwahi mvua. Sikuiwahi.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku mbaya.

Mapokezi wamenipigia kabla sijanywa chai. Mfumo haufunguki. Nikajua ni mtandao, nikaoga bila haraka. Nilipofika, foleni ilikuwa imetoka hadi barazani.

Seva yenyewe inawaka. Taa ya kijani, feni inalia. Ila huduma ya hifadhidata, ile inayoshika mafaili yote ya wagonjwa, imekufa. Naiamuru ianze, inakataa. Naiamuru tena, inakataa. Inasema haioni data. Nikafungua folda ya data kwa mkono wangu.

Tupu.

Nilikaa nikiitazama ile folda mpaka skrini ikazima. Kila mgonjwa wa hospitali hii yumo mle. Dawa zao, vipimo vyao, mzio wao. Nakala za akiba nazo nilizihamishia diski ile ile mpya yenye data, niliyoifunga mwishoni mwa Ramadhani. Nikawaza: diski imekufa. Diski mpya haifi hivi hivi. Imekatiwa umeme ghafla.

Nikainamisha kichwa chini ya meza. Chetezo. Kimekaa sakafuni pembeni ya ekstensheni ya seva, majivu kidogo kando yake.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiri. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye. Sikusoma kumbukumbu za mashine, zinazorekodi kila tukio na saa yake. Sikuuliza mtu. Nilitoka na chetezo mkononi.

Somo alikuwa anapiga deki mbele ya chumba cha daktari. Watu wamejaa kwenye mabenchi. Katibu wa hospitali, Bwana Singano, alikuwa ananifuata nyuma akiuliza itachukua muda gani. Nikamwuliza somo nani alimpa ruhusa ya kuchomoa mashine yangu. Nilipaza sauti. Alisimamisha ufagio wa deki, akafuta mkono kwenye kanga.

"Mie sikuchomoa kitu, mwanangu. Chetezo nilikitia kwenye soketi ya mlangoni. Pale chini nilikiweka kipoe tu."

Nikamjibu mbele ya wote: "Uongo wa nini na umri huo?"

 Bibi mmoja kwenye benchi alisema astaghafirullah, taratibu. Bwana Singano akaninyang'anya chetezo akakitazama kama kidhibiti cha polisi. Somo akaokota ndoo yake, akaenda kumwaga maji, akaendelea na korido ya pili. Alimaliza deki yote. Kisha akaondoka.

Mchana wote madaktari wanaandika kwenye makaratasi. Kuna mzee wa Pemba, mgonjwa wa presha, aliulizwa anatumia dawa gani. Akasema kile kidonge cheupe. Vyote ni vyeupe.

Sijaigusa ile diski. Naogopa nikiigusa nitaimaliza.

Jumamosi, 11 Aprili

Droo ya chini nimekuta nakala ya zamani, ya kabla ya Ramadhani. Ipo hiyo tu. Nimeanza kuirudisha kwenye diski ya zamani. Inakwenda polepole mno. Ikikamilika tutakuwa tumepoteza zaidi ya mwezi mzima wa wagonjwa. Watoto waliozaliwa humu tangu Februari, kwa mashine hii hawajazaliwa.

Bwana Singano amekuja na soda, akavuta kiti. Alisema ameongea na kampuni ya usafi. Yule mama asije tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Kwamba ameshawaambia siku nyingi ule moshi utaleta balaa.

Ningesema subiri kwanza. Nilisema ahsante.

Ndiyo, nilisema ahsante. Bado nina hasira naye, ndiyo maana. Sikulala vizuri na kichwa kinauma. Ninajiambia kosa ni kosa, hata likifanywa na somo. Mfumo ni roho za watu. Najisikia nikijisemesha.

Hatibu kauliza mbona sijala. Nimemwambia kazi.

Jumapili, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Hospitali kimya, kwaya tu upande wa kanisani. Kabla ya kuruhusu ile nakala ya zamani ichukue nafasi, nikasema nisome kumbukumbu za mashine, nimwandikie Bwana Singano ripoti yenye ushahidi. Nilitaka saa kamili ambayo plagi ilichomolewa. Nilitaka kumfunga somo kabisa.

Mashine ilizimika saa nane na dakika kumi na moja usiku wa kuamkia Ijumaa. Ikawaka tena baada ya robo saa.

Saa nane usiku somo yuko kwake Makorora amelala.

Nikaenda kwa mlinzi wa geti. Akacheka. Umeme ulikatika usiku ule, mvua ile, mpaka akaenda kuliamsha jenereta kwa mateke. Mji mzima ulikuwa giza. Mimi nililala fofofo, sikujua. Betri ya akiba ya seva imechoka tangu mwaka jana, nimeiombea mpya, sijafuatilia.

Basi umeme ulikatika, mashine ikazima, ikawaka. Hilo si jambo. Huduma ilipaswa kuanza yenyewe. Kwa nini haikuanza?

Nikakaa. Nikaanza kuelewa.

Diski mpya niliifunga siku za mwisho za Ramadhani, jioni, adhana inakaribia, nina kiu na nina tambi za kupika. Niliiunganisha kwa amri, kwa mkono, nikahamishia data yote kule, ikafanya kazi vizuri sana. Kuna faili moja linaloiambia mashine: kila ukiamka, unganisha diski hii. Nilisema nitaliandika kesho. Kesho yake kulikuwa na ubishi wa mwezi kuandama, kisha Idd, kisha likizo, kisha nikasahau kwamba kuna kitu nimesahau.

Mashine haikuzimwa hata mara moja tangu siku ile, kwa hiyo haikunisuta. Ilipoamka Ijumaa haikuwa na habari kwamba kuna diski mpya. Ikatazama folda mahali pake, ikakuta tupu, ikasema haioni data. Ilisema kweli.

Nikaandika amri moja. Diski ikaungana. Folda ikajaa. Nikaiamuru huduma ianze, ikaanza hapo hapo.

Kila kitu kimo. Hata mzee wa Pemba na kidonge chake cheupe.

Nikaandika na ule mstari kwenye lile faili. Mstari mmoja. Nimelia kidogo, nikanawa uso kwenye sinki la maabara.

Jumatatu, 13 Aprili

Nilikwenda kazini nimeshajipanga. Nitamwambia Bwana Singano kila kitu, asubuhi hii, kabla ya chai.

Nilipofika mapokezi walinipigia makofi. Daktari mpya amenunua maandazi. Bwana Singano akanishika mkono mbele ya watu akasema hospitali kubwa zinaajiri wageni kwa kazi hii na sisi tuna Zuhura wetu. Akauliza tatizo lilikuwa nini hasa. Nikasema diski haikuonekana baada ya umeme kukatika.

Umeme kukatika. Si uongo. Kila neno ni la kweli na sentensi nzima ni ya mwoga. Akatikisa kichwa, akasema si nilijua, chetezo kile. Nikanyamaza.

Yuko msichana mpya wa usafi. Mpole, hasemi. Amenisalimia shikamoo. Sikujua niitikie kwa sauti gani.

Andazi langu nimelila lote.

Jumanne, 14 Aprili

Nimempigia somo. Simu inaita mpaka inakata. Mara ya pili imezimwa.

Saa ya chakula nimekwenda Makorora. Chumba kimefungwa kufuli. Jirani yake, anayeuza samaki wa kukaanga, akaniambia amehamia Kigombe kwa mwanawe, ameondoka na godoro na kabati. Kisha akanitazama akasema: na wewe si ndiye mwari wake? Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye samaki wake. Anajua. Makorora yote wanajua.

Kwetu mtu akigombana na mama yake, anakimbilia kwa somo amsemee. Ukigombana na mumeo, kwa somo. Ukimtukana somo, hakuna mlango wa kukimbilia. Sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivi. Wamo walioacha kuwatembelea somo zao, wamo waliowasahau. Kumwita mwongo mbele ya wanaume na wagonjwa, hapana.

Nilitaka kumwambia Hatibu, nikaona aibu. Yeye anamwogopa somo kuliko alivyomwogopa baba yangu.

Kwa Bwana Singano sijafika. Nilifika mlangoni, alikuwa na wageni. Wageni walitoka. Nikaenda kurekebisha printa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimesema.

Jana nilitafuta sababu siku nzima, leo zimekwisha. Nimeingia kwa Bwana Singano nimefunga mlango. Nimemweleza polepole kama namfundisha mtoto: diski, faili, mstari ambao sikuuandika. Bi Mwanahamisi hakugusa chochote. Mimi ndiye.

 Akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema hapana. Akasema basi liishie hapa. Data imepatikana, wagonjwa wako salama, ya nini kuiaibisha idara. Kuhusu yule mama, ataipigia simu kampuni wampeleke jengo lingine. Alinihurumia, niliona. Ni mtu mwema kwa jinsi yake.

Nikamwambia nataka atangaze kwenye mkutano wa asubuhi kwamba yule mama hakuwa na kosa. Akakataa. Akasema katibu hawezi kusimama leo akasema jana alikosea kwa sababu ya fundi wake, kesho nani atamsikiliza. Nikasema basi nitasimama mimi. Akavua miwani. Akasema, fikiri vizuri Zuhura, mkataba wako unaisha Juni.

Nimefikiri. Nina hofu. 

Ijumaa, 17 Aprili

Hapa kila asubuhi wafanyakazi hukutana kwenye kikanisa, wimbo mmoja, sala, halafu matangazo. Sisi Waislamu huingia kwenye matangazo. Nikangoja mchungaji amalize habari za maji ya kuchemsha. Nikanyoosha mkono.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikasema: wiki iliyopita nilimwita Bi Mwanahamisi mwongo. Hakuwa mwongo. Kosa la mashine lilikuwa langu, na nililijua tangu Jumapili, na maandazi nikala.

Kuna aliyecheka hapo kwenye maandazi, kisha akajizuia. Muuguzi mkuu aliinamisha kichwa. Bwana Singano alikuwa anasoma simu yake. Nikakaa. Nilijiona mtu, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Niliona kama nimeshalipa. Jumapili nikienda Kigombe sitakwenda mikono mitupu, nitakwenda na habari hii.

Mchana nikaingia dukani kutafuta doti ya kanga ya kumpelekea. Kila niliyoifunua ina maneno yanayonisuta mimi. Mwenye duka akachoka. Nimenunua sukari na unga wa ngano.

Jumapili, 19 Aprili

Kigombe. Barabara ya Pangani ni tope. Baada ya Tongoni tulishuka wote tukasukuma gari. Nimefika viatu mkononi.

Nyumba ya mwanawe ni ya mabati mapya, karibu na msikiti. Nilipiga hodi mbele. Mkwewe akafungua, akanikaribisha sebuleni, akanionyesha kiti kikubwa chenye vitambaa. Nikakaa. Nikasubiri.

Uani nyuma walikuwa wanawake. Nasikia vicheko, nasikia kinu, nasikia sauti ya somo ikimsema mtu kwa utani, ile sauti yake. Katika miaka yote hii, nyumba yoyote aliyoishi mimi nimepita ubavuni, nikatokea uani, nikavuta kigoda, nikapewa nazi nikune. Sebule zake sizijui. Leo nimeketi chini ya saa ya ukutani na zulia lenye picha ya msikiti, na hakuna aliyesema pita.

Akaja. Kajitanda kanga safi, ya kutokea. Nikateleza kutoka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikamshika miguu, nikasema nimekuja kutaka radhi. Sikuweza kumaliza. Alininyanyua upesi, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwenziwe, akanirudisha kitini.

"Radhi nimekupa siku ile ile. Nisikupe, ukapate madhara? Mie nna kinyongo gani na mtu."

Soda ikaletwa kwenye trei, glasi imefunikwa kisahani. Akauliza hali ya Hatibu. Akauliza ile mashine imepona. Nikasema imepona. Nikamweleza kwamba Ijumaa nilisimama mbele ya hospitali nzima nikasema kosa ni langu. Nilisema haraka, kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri. Nilitazamia uso wake ubadilike.

Alikuwa anakunja ukingo wa kanga yake, anaukunjua.

"Nilisikia. Walinipigia siku ile ile, watatu." Akaukunja tena. "Siku ya kwanza ulitoka ukawaambia watu kabla hujaniuliza mie. Na siku ya pili umewaambia watu kabla hujaja kwangu. Mara zote mbili watu walitangulia, mie nikafuata."

Hakusema kwa ukali.  Ukali ningeuweza.

Nikasema kazi yake ipo akitaka, nitahakikisha. Akasema ahsante, mgongo umechoka na wajukuu wako hapa. Nikanywa soda yote kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. Akanisindikiza mpaka barazani, akaniambia nisalimie watu wa mjini, karibu tena. Akasimama pale hadi nilipopinda kona, kama asimamavyo mtu mwenye adabu kwa mgeni.

Sukari na unga nimeviacha mezani. Sijui kama vimepelekwa uani.

Jumatano, 22 Aprili

Umeme umekatika adhuhuri, bila mvua, bila sababu. Betri ya akiba ikalia mara mbili ikakata roho. Nikakaa gizani mbele ya seva nikasubiri jenereta.

Taa ya kijani. Feni. Nikahesabu pumzi zangu. Diski ikaungana yenyewe. Huduma ikaanza yenyewe. Nilipotoka kwenye korido foleni ilikuwa inasogea, mapokezi anamwambia mtu arudi na kadi. Hakuna hata aliyegeuza kichwa.

Nilifurahi mno. Nikatoa simu nimwambie mtu, nikawa nimeshafika kwenye jina la somo ndipo nikakumbuka. Nikaitazama namba kidogo, nikairudisha simu mkobani, nikaenda kuangalia printa.